Saba Saba 1954 ilikuwa Jumatano: mtaani walikula nini, walilipwa nini, walisikiliza nini?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Wakubwa mlioko humu, shikamooni.

Bibi yangu mzaa mama alitutoka mwaka juzi. Siku ya kugawana vitu vyake niliomba kopo moja la bati lililokuwa mvunguni mwa kitanda. Tangu utoto wangu nililisikia likilia ndani, na kila nilipouliza kuna nini niliambiwa niliache. Nimekuta sarafu zenye tundu katikati, za senti moja, senti tano na senti kumi za enzi ya mkoloni, zimetungwa kwenye kamba ya katani kama shanga. Mikufu ni miwili. Mmoja mchanganyiko, wa pili ni senti kumi tupu. Karibu zote ni za mfalme George wa Sita.

Bibi alikuja Kariakoo akiwa mwali, akapanga na mumewe chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kisima na jiko la kila mtu. Alikaanga vitumbua. Hapo hapo jirani, New Street, ambayo leo tunaiita Mtaa wa Lumumba, ndipo lilipokuwa jengo la TAA (Tanganyika African Association, chama kilichoitangulia TANU), na ndani yake tarehe 7 Julai 1954 watu 17 waliunda TANU.

Hilo la watu 17 sote tumelisoma shuleni. Mimi nataka upande wa pili wa ukuta. Siku ile ilikuwa Jumatano, siku ya kazi. Ni kipupwe, kusi linavuma, majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yalishaondoka. Kwa hesabu ya Kiislamu ni mwanzoni mwa Mfungo Pili, 1373, kwa hiyo Idi ilipita mwezi mmoja nyuma na watu wanaihesabu Idi ya kuchinja. Gavana ni Sir Edward Twining. Pesa ni shilingi ya Afrika Mashariki, moja kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, 20 zake ndiyo pauni moja ya Mwingereza. Stempu nazo tunashirikiana na Kenya na Uganda, majina matatu kwenye karatasi moja.

Bibi aliniambia kitumbua kimoja kilikuwa senti tano. Mchele alinunua kwa kibaba, vinne ndiyo pishi, na mafuta ya taa kwa chupa. Debe zima la mafuta, alisema, hakuwahi kulinunua hata siku moja mpaka tulipopata uhuru.

Mwenye alichosimuliwa na wazee wake kuhusu miaka hiyo, bei, kazi, sinema, ngoma, mpira, habari zilizovuma, tafadhali aweke hapa.

#2 Kalamu ya Risasi

Mkuu naweka kambi hapa.

Nianze na hilo la senti tano. Kwa shilingi moja mtu alikula vitumbua ishirini! Leo nikienda na noti ya elfu moja napata vya kuhesabu kwenye vidole. Wazee wetu walikuwa na maisha mepesi sana, na sielewi kwa nini hatulisemi hilo wazi. Shilingi ilikuwa shilingi. Dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi saba na senti kumi na nne tu, kwa sababu pauni ilikuwa dola mbili na senti 80.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hesabu yako ya dola iko sawa, ila nakuomba usiishie kwenye bei. Bei bila mshahara ni nusu ya habari, tena ile nusu inayodanganya.

Bibi aliuza kitumbua kwa senti tano kwa sababu mnunuzi wake hakuwa na senti sita. Wanunuzi wake walikuwa makuli wa bandarini, na hao hao makuli ndio waliogoma mwaka 1947, mgomo ulioanzia Dar na kusambaa bara, kisha wakagoma tena 1950. Mtu anayeishi kwa raha hagomi mara mbili ndani ya miaka mitatu akijua atafukuzwa. Na kima cha chini cha mshahara kwa Dar es Salaam kilikuja kuwekwa na sheria mwaka 1957. Kabla ya hapo tajiri alilipa alichoona kinamfaa.

Halafu hebu fikiri kwa nini kulikuwa na sarafu ya senti moja. Leo hatuwezi hata kuiwaza. Ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na vitu vya kununua kwa senti moja na watu wasio na senti mbili: chumvi ya kufunga kwenye kipande cha gazeti, kiberiti cha kuhesabu njiti. Tundu la katikati lilikuwa la kutungia, maana nguo za wengi hazikuwa na mifuko. Mwanamke alifunga pesa kwenye pindo la kanga, au alitunga kamba kama alivyofanya bibi.

#4 Mkonge Mweupe

Mimi ni wa Tanga, wilaya ya Korogwe. Nimlete babu yangu kwenye hesabu hii, kwa sababu Jumatano hiyo alikuwa shambani akikata mkonge.

Babu aliletwa kutoka kusini kama manamba. Kulikuwa na ofisi ya matajiri wa mkonge inaitwa SILABU, ilianzishwa 1944, kazi yake kukusanya watu wa mbali na kuwaleta mashambani kwa mkataba. Mnaandikwa namba, mnapanda lori na gari moshi, mnafika kwenye kambi mnapewa blanketi na posho ya unga na maharage.

Sasa sikilizeni kipande. Babu hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alikuwa na kadi, ndiyo hiyo kipande, yenye nafasi 30. Kila siku akimaliza kazi aliyopimiwa, mnyapara anaweka alama. Asipomaliza mistari yake, hata kama amekata tangu alfajiri mpaka jua kali, siku hiyo haihesabiwi. Kadi ikijaa ndipo anapata mshahara wa "mwezi", na alipewa siku 42 za kuijaza. Kwa hiyo mwezi wa babu ulikuwa na wiki sita. Mnaposema "wazee walilipwa kadhaa kwa mwezi", ulizeni kwanza mwezi wa nani.

Na 1954 ulikuwa mwaka mbaya kwetu. Wakati wa vita vya Korea mkonge ulipanda bei mpaka watu wakauita dhahabu nyeupe. Vita vilipokwisha 1953 bei ilianguka. Matajiri walikuwa wameshajenga majumba. Babu hakuona kilichopanda, ila kilichoshuka alikiona, maana kipimo cha kazi kiliongezwa.

Miaka yote aliyoishi nasi hakupenda kuona kamba ya katani ndani ya nyumba. Mleta uzi uliposema sarafu za bibi yako zimetungwa kwa katani, nimeacha kusoma kwa muda, nikatoka nje kwanza.

#5 Mbuni wa Kibosho

Pole sana Mkonge Mweupe.

Ila msiandike kama nchi nzima ilikuwa hivyo. Kwetu Kilimanjaro mwaka 1954 unakumbukwa kwa jambo lingine kabisa. Julai 1953 baridi kali ya umande ulioganda iliunguza mibuni ya Brazili. Soko la dunia likakosa kahawa. Mwanzoni mwa 1954 ratili moja ya kahawa dukani Marekani ilivuka dola moja, yaani zaidi ya shilingi saba za kwetu, na akina mama wa kule wakaanza kuigomea.

Mkulima wa Kibosho au Machame hakujua Brazili iko upande gani, ila alijua KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, wamelipa vizuri kuliko alivyowahi kuona. KNCU ilikuwepo tangu 1933, na Mangi Mkuu wakati huo ni Thomas Marealle, aliyeshika kiti mwaka 1952. Babu yangu alitoa nyasi akaezeka bati katika msimu ule. Shangazi zangu wawili wakapelekwa shule. Hadi leo pale kwetu nyumba ikiwa ya zamani watu wanasema ni ya "kahawa ya baridi".

Kwa hiyo Jumatano moja ina nchi mbili ndani yake, moja inashuka na nyingine inapanda, na katikati yake ni mwendo wa siku moja tu kwa gari moshi. Wala si kwa sababu Mchaga alikuwa hodari kuliko manamba. Ni kwa sababu kahawa ilikuwa yake, na mkonge haukuwa wa yule aliyeukata.

#6 Mzee wa Gerezani

Marahaba wajukuu zangu. Nasomewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeandika ninayosema.

Mwaka 1954 nilikuwa na miaka kumi na moja, tunakaa Gerezani. Tarehe ile yenyewe siikumbuki, sitawadanganya. Ilikuwa siku kama nyingine. Nitasema mambo ya mwaka ule.

Redio. Stesheni ya Dar es Salaam ilianza 1951, na siku za mwanzo ilisikika mjini na jirani tu. Redio ilikuwa ya mwenye hoteli. Unanunua kikombe kimoja cha chai, watu wanne mnakaa nacho mpaka taarifa ya habari iishe, na mwenye hoteli anajua, hasemi kitu. BBC ya Kiswahili haikuwepo, hiyo ni ya 1957.

Magazeti. *Mambo Leo* ya serikali ilitoka kila mwezi tangu 1923 na watu waliipenda kwa mashairi. *Zuhra* ya Mashado Plantan ndiyo iliyokuwa ikisomwa barazani, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. *Tanganyika Standard* lilikuwa la Kizungu na la Wazungu.

Sinema. Empire na Avalon zilikuwa mjini, upande wa Uhindini. Viti vya mbele kabisa vilikuwa vyetu, unatazama mpaka shingo inauma. Tulimpenda Raj Kapoor na Nargis. Hatukujua Kihindi hata neno moja, lakini tulitoka tunaimba, na tulilia pale pa kulia. Kuna picha nyingine Mwafrika hakuruhusiwa kuiona, serikali ilikuwa na watu wa kukagua na kusema hii inafaa kwa huyu, hii haifai. Hilo nililifahamu nikiwa mtoto na liliniuma nikiwa mtoto.

Ila tulikuwa na picha yetu wenyewe. *Muhogo Mchungu*, ya 1952, Kiswahili kitupu, na mwigizaji wake mkuu ni Rashidi Kawawa. Ndiyo, Kawawa yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu! Gari la sinema la serikali linakuja uwanjani, kitambaa cheupe kinatundikwa, watoto tunakaa chini mchangani. Baadaye nilipomwona Kawawa akihutubia wafanyakazi mimi nilimwona mtu wa picha.

Muziki. Dar es Salaam Jazz ilikuwa bendi ya zamani, tangu miaka ya thelathini. Morogoro alikuwepo Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Santuri za Kikuba zenye alama ya GV ndizo zilizofundisha vijana kupiga gitaa. Wanawake walikuwa na ngoma zao, lelemama na nyinginezo, na katika kundi la Bomba mwimbaji aliyetajwa sana aliitwa Titi binti Mohamed. Wakati ule yeye ni mwimbaji tu, siasa alikuwa bado.

Mpira, Yanga na Sunderland. Sunderland ndiyo Simba ya leo. Ugomvi ulikuwa ule ule.

#7 Mwana wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mimi natoka Unguja na nataka kutia mawili matatu.

La kwanza, kesho yake, tarehe 8 Julai 1954, ilitimia miaka minne tangu kufariki Siti binti Saad. Nyanya yangu akisema kwamba katika mitaa ya Ng'ambo hapakuwa na haja ya kumkumbusha mtu. Siti alitoka Fumba akiuza vyungu, akaja mjini, akawa mwanamke wa kwanza wa kwetu kuingia kwenye santuri, mwaka 1928 kule Bombay. Mwaka 1954 santuri zile zilikuwa zishachakaa kwa kuchezwa, sindano inaruka, na watu wanajaza wenyewe kwa mdomo pale iliporuka.

La pili, redio. Mwezi ule ule wa Julai 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na mtangazaji wake alikuwa mtu wa Unguja, Ahmed Rashad Ali. Mzee wa Gerezani ametaja BBC ya 1957. Misri ilitangulia kwa miaka mitatu. Kwa mara ya kwanza mtu anasikia kwa lugha yake mwenyewe kwamba Mwingereza anaweza kuambiwa aondoke. Kwenye mabaraza ya kahawa watu walipunguza sauti ya redio ili asisikie mpita njia, kisha wakasogea karibu wote.

La tatu, sinema. Kwetu kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mchana wa siku hiyo njia nzima ni buibui na harufu ya asumini. Bibi zetu walijua nyimbo za filamu za Kihindi kwa ukamilifu, na wale watungaji wa taarabu wakachukua mahadhi yale wakatia maneno ya Kiswahili.

Na lile la pesa: sisi tulitumia rupia hadi 1936, ndipo tukaingia kwenye shilingi. Ndiyo maana mpaka leo wazee wakisema thumuni kwa senti hamsini, ni neno la Kiarabu, maana yake sehemu moja katika nane, limebaki tangu hesabu za zamani.

#8 Mjukuu wa Pumwani

Nimefuatilia uzi huu kutoka Nairobi na nikaona heri niongeze, maana shilingi ni ile ile lakini Jumatano yetu ilikuwa nyingine.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, kwa sababu ya Mau Mau. Jomo Kenyatta alikuwa amefungwa baada ya kesi ya Kapenguria, yuko Lokitaung. Na tarehe 24 Aprili 1954, alfajiri, wanajeshi na polisi waliuzunguka mji wa Nairobi mzima. Hiyo ndiyo iliyoitwa Anvil. Walipita nyumba kwa nyumba Pumwani, Bahati, Kariokor, kila mahali. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru wakatolewa nje, wakapangwa mistari, na watu waliovikwa magunia kichwani yenye matundu ya macho wakawa wanatikisa kichwa: huyu, si huyu. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini, Lang'ata, Mackinnon Road, Manyani.

Babu yangu alikwenda siku hiyo. Kwa hiyo Julai 7 nyanya alikuwa na miezi miwili na nusu bila mume, na watoto watatu, na chumba ambacho kodi yake ilikuwa inasubiriwa. Mnaulizana bei ya kitumbua. Nyanya alikuwa akipika uji wa kuuza, kikombe kwa ndururu, ndiyo senti tano yenu. Alisema kilichopanda bei mwaka ule ni jirani: hukujua tena nani umuamini kwa chumvi.

Babu alirudi 1957.

#9 Mleta uzi

Mjukuu wa Pumwani, asante kwa kuileta hapa. Nimeisoma mara mbili. Nitamsomea mama jioni.

Kuna jambo moja la wiki ile nimelikuta nikisoma, na tangu hapo haliniachi. Tarehe 4 Julai 1954, siku tatu kabla ya Saba Saba, Uingereza ilimaliza mgao wa chakula. Nyama ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuachiwa. Miaka 14, tangu Januari 1940, Mwingereza alikuwa akinunua chakula kwa kitabu cha kuponi: siagi kwa kipimo, sukari kwa kipimo, mafuta ya kupikia kwa kipimo. Huyo ndiye aliyekuwa mtawala wetu.

Na ule upungufu wa mafuta ya kupikia ndio uliotuletea mradi wa karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alitoa wazo kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa matrekta, zikamuliwe mafuta, jiko la London lipate siagi ya mimea. Wakapanga ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zake Tanganyika. Kongwa, Urambo, Nachingwea. Mibuyu ikasukumwa na matrekta yaliyotengenezwa kwa vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, karanga haichimbuliki, na mvua ya Ugogo kila Mgogo angeweza kuwaeleza ilivyo, lau wangemuuliza. Mwaka 1951 wakaacha. Pauni milioni 36 zikapotea. Kwa shilingi zetu ni milioni 720.

Sasa rudisha hesabu kwa bibi. Kwa senti tano ya kitumbua, shilingi moja ni vitumbua ishirini kama alivyosema Kalamu ya Risasi. Mjini kulikuwa na watu waliogoma ili waongezewe senti, na huku mamia ya mamilioni ya shilingi yanazikwa Kongwa ili jiko la mwingine lipate mafuta. Tangu nilipofahamu hilo siwezi tena kusikia neno "maisha mepesi" kuhusu miaka ile nikanyamaza.

#10 Kalamu ya Risasi

Mkuu, nimeelewa, na ile kauli yangu ya maisha mepesi naiondoa. Habari ya kipande cha siku 42 sikuwahi kuisikia kabisa.

Nichangie upande wa habari za dunia basi, maana nimechimba kidogo. Jumapili ya tarehe 4 Julai hiyo hiyo, mjini Bern, Uswisi, ilichezwa fainali ya Kombe la Dunia. Hungaria ya Puskás haikuwa imefungwa kwa miaka minne na ilikuwa imeshaipiga Ujerumani Magharibi 8–3 kwenye makundi. Mvua inanyesha. Dakika nane za kwanza Hungaria mbili bila. Ikaisha 3–2 kwa Wajerumani, bao la mwisho la Helmut Rahn zikiwa zimebaki dakika sita. Timu ya Afrika hata moja haikuwepo. Misri ilijaribu kufuzu ikatolewa na Italia.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni Vietnam. Mfaransa alishapigwa Dien Bien Phu tarehe 7 Mei. Na tarehe 7 Julai 1954, siku ile ile ya TANU, Ngo Dinh Diem aliingia madarakani Saigon. Huko kusini mwa Vietnam siku hiyo ikawa sikukuu kwa miaka, nao waliiita kwa lugha yao "saba mbili", saba ya saba. Sikukuu yao ilikufa pamoja na Diem mwaka 1963. Yetu ipo mpaka leo na watu wananunua masufuria kwenye maonyesho.

#11 Mleta uzi

Hii ya saba mbili sikuijua kabisa. Asante sana mkuu.

Tuingie sasa ndani ya ukuta kidogo, kwa sababu nimegundua ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Jengo la New Street lilijengwa na wanachama wenyewe miaka ya thelathini, wakati chama kikiitwa African Association. Waliokaa mle Julai 7 hawakuwa watu wa mbali na soko. Nyerere alikuwa mwalimu Pugu. Alichaguliwa rais wa TAA tarehe 17 Aprili 1953 katika ukumbi wa Arnautoglo. John Rupia alikuwa mfanyabiashara. Saadani Abdu Kandoro alikuwa mshairi. Japhet Kirilo alikuwa amerudi kutoka Umoja wa Mataifa, alikokwenda 1952 kudai ardhi ya Wameru waliofukuzwa Ngare Nanyuki. Ally Sykes alikuwa mtumishi wa serikali, na Agosti 1953 ulikuwa umetoka waraka wa kukataza watumishi wa serikali kuingia kwenye siasa. Kwa hiyo kukaa tu kwenye kiti kile kulikuwa kunahatarisha mshahara.

Na Abdulwahid Sykes, kaka yake, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Hebu litazameni hilo. Mtu ambaye kila asubuhi anaona mchicha ukishushwa, anajua nani kakosa ushuru, anajua fungu la nyanya limepungua nyanya mbili wiki hii, jioni anaingia kwenye chumba cha kuunda chama. Wakati ule hakukuwa na mtu aliyehitaji kumwandikia ripoti ya hali ya maisha.

Mama ananiambia bibi alimjua kwa sura na kwa salamu. Zaidi ya hapo hakuwahi kudai. Alisema siku za mikutano ile vitumbua vilikwisha mapema, basi.

Swali langu la mwisho kwa Mzee wa Gerezani: kwa nini mkufu mmoja ni senti kumi tupu? Nimezihesabu, ziko 34. Shilingi tatu na senti arobaini.

#12 Mzee wa Gerezani

Mjukuu wangu, huo ni upatu.

Mama yangu alikuwa nao kama huo. Wanawake wa nyumba moja au mtaa mmoja wanakubaliana, kila mmoja anatoa peni yake, ndiyo senti kumi, kwa siku waliyoipanga. Zinakusanywa na kijumbe, zinapewa mmoja, safari nyingine mwingine. Haziruhusiwi kuguswa kwa unga wala kwa mafuta ya taa, hata watoto walale na njaa, kwa sababu si zako. Ndiyo maana zinatungwa peke yake, zisichanganyike na za nyumbani. Kamba ile ilikuwa ahadi.

Kama zimebaki 34 kwenye kopo, basi bibi yako alikuwa kijumbe, na kuna mtu ambaye zamu yake haikufika. Muulize mama yako nani walikuwa wanacheza naye.

#13 Mleta uzi

Mzee, Mungu akuweke. Nimempigia mama sasa hivi nikamsomea maneno yako. Alinyamaza, kisha akataja majina ya wanawake sita, mmoja mmoja, na vyumba walivyokaa. Watano wametangulia. Wa sita yuko hai, ana miaka tisini na kitu, yuko kwa mwanawe Temeke, macho hayaoni tena ila masikio mazima.

Jumamosi naenda. Nachukua kopo lote.